Simu ni yako, lakini ufunguo anao nani?

Ukipanda matatu ya nambari 46 kutoka mjini, ikishamaliza mlima wa Valley Road na kushika Argwings Kodhek, jaribu mchezo huu kabla ya kushuka Hurlingham. Hesabu simu zilizo mikononi mwa abiria. Utaona Tecno, utaona Infinix, itel, Redmi, Samsung, na iPhone mbili tatu zenye kioo kilichopasuka. Ukitoa kabambe ya konda, hizo zote zinaishi kwenye mifumo endeshi miwili tu: Android ya Google na iOS ya Apple. Gari zima la wapangaji, wenye nyumba wawili.

Kwa miaka mingi jambo hili halikutunyima usingizi. WhatsApp inaingia, TikTok inacheza, shida iko wapi? Shida ni kwamba mwenye nyumba mmoja ameamua kubadilisha kufuli, na notisi tayari imebandikwa mlangoni.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android ilizoziidhinisha, yaani zile zinazokuja na Play Store, zitaacha kukubali apu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili kwake kwa jina halisi na kitambulisho. Si apu za Play Store pekee, hizo zilishabanwa kitambo. Ni apu yoyote, hata ile unayotumiwa na rafiki kwa Telegram au unayoipakua moja kwa moja kutoka tovuti ya aliyeiunda. Utekelezaji unaanza Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha dunia nzima kuanzia 2027. Sisi tuko kwa hiyo "dunia nzima".

Google wana sababu yao, na tusiidharau. Wanasema apu zinazotoka nje, zile za kupakua ovyo mtandaoni, zilikutwa na programu hasidi zaidi ya mara 50 kuliko za Play Store. Hebu kuwa mkweli: ni watu wangapi unaowajua wanaotumia GB WhatsApp, ile WhatsApp ya magendo, bila kujua aliyeitengeneza ni nani wala anasoma nini? Ni wangapi walioingiza apu ya mkopo waliyotumiwa na mtu wasiyemjua, kisha ikabeba namba zote za jamaa zao? Utapeli huu si hadithi, tunaishi nao.

Lakini angalia upande wa pili. Kuna duka la apu linaloitwa F-Droid, lipo tangu 2010, halina matangazo, halitaki akaunti wala namba yako ya simu. Apu zake zote ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. F-Droid huchukua msimbo wenyewe, huuunda upya na kuutia sahihi. Baada ya tangazo la Google, wenye F-Droid walisema wazi kwamba sheria hii ikipita ilivyo, itaua duka lao, manake hawawezi kuwalazimisha mamia ya wasanidi wanaojitolea kwenda kujiandikisha kwa Google, wala hawawezi kujidai kuwa wao ndio wenye apu hizo. Kelele zilipozidi, Novemba 2025 Google ikalegeza kamba kidogo: ikasema itatengeneza njia ya mtumiaji mzoefu kuingiza apu isiyosajiliwa, baada ya kupita maonyo. Njia hiyo itakuwa nyembamba kiasi gani, hilo Google ndiyo itakayoamua.

Ada ya kujisajili kikamilifu ni dola 25, chini kidogo ya bei ya viatu vizuri vya mtumba, na wanafunzi wameahidiwa akaunti ndogo ya bure. Kwa hivyo msinielewe vibaya, kinachonitia wasiwasi si pesa. Ni jina.

Kumbuka kilichotokea hapa kwetu. Mei 30, 2025, msanidi programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa ameunda tovuti ndogo inayomsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Alilala ndani siku kadhaa, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao, na Juni 20 mahakama ikasema mashtaka hayo hayaonyeshi kosa lolote. Alishinda, ndiyo. Lakini jiulize: ingekuwa ni apu badala ya tovuti, na simu za nchi nzima zinakataa apu isiyo na jina la mtu kwenye daftari la kampuni moja ya Marekani, nani angethubutu kuiandika mwaka ujao? Na nani atakayelifungua daftari hilo siku serikali yoyote, yetu au ya wengine, ikibisha hodi na karatasi ya korti? Kizazi kilichounda chatiboti za kuelezea mswada wa 2024 kwa usiku mmoja kinafaa kulifikiria hili kabla ya 2027.

Ndiyo sababu watu wameanza tena kuulizia mifumo mbadala. Kabla hatujafika huko, kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: Android yenyewe ni huria. Moyo wake ni Linux, na msimbo wake wa msingi, unaoitwa AOSP, Google huuweka hadharani yeyote auchukue. Uhuru huo ndio uliofanya Android itushukie haraka namna ile. Mwaka 2011, Huawei IDEOS ilipoingia madukani ya Safaricom kwa takriban shilingi 8,000, wengi wa kaka na dada zetu wakubwa walishika simu janja kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndogo kama kiberiti na kumbukumbu yake ilijaa ukicheka. Lakini wajanja waligundua kwamba wanaweza kuing'oa Android iliyokuja nayo na kuweka CyanogenMod, Android iliyopikwa upya na wasanidi wa kujitolea. Wakati huohuo pale Bishop Magua Centre, Ngong Road, si mbali na Hurlingham, iHub ilikuwa imefunguliwa 2010 na watu waliotoka kwenye Ushahidi, ile programu huria iliyozaliwa Januari 2008 wakati nchi inawaka moto na ikaenda kutumika duniani kote. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya programu huria ni ya wazungu wenye muda mwingi, mwambie aulize Ngong Road.

Ukarimu wa Google nao umepungua. Tangu Machi 2025, kazi yote ya kuiunda Android hufanyika ndani, mlango umefungwa, na msimbo hutolewa nje baada ya toleo kukamilika. Bado ni huria, lakini ni kama mtu anayekukaribisha jikoni baada ya vyombo kuoshwa.

Sasa, mbadala wenyewe. CyanogenMod ilikufa mwishoni mwa 2016 na mtoto wake, LineageOS, akarithi kazi. Huyu ndiye maarufu zaidi: Android safi, bila apu za Google, inayozipa uhai simu ambazo mtengenezaji alizitupa bila masasisho. Kuna /e/OS kutoka Ufaransa, iliyojengwa juu ya LineageOS kwa ajili ya mtu wa kawaida asiyetaka kufuatiliwa. Kuna GrapheneOS, ambayo ni ya usalama mkali. Halafu kuna zisizo Android kabisa, Ubuntu Touch na postmarketOS, ambazo ni Linux kamili mfukoni. Hizi mbili za mwisho zinavutia, ila kama huna simu ya pili ya kupigia mama, ziache kwanza.

Inasikika rahisi, sivyo? Shuka basi Hurlingham, nenda kwa fundi wa simu yeyote, mwambie unataka LineageOS. Kabla hajakujibu atakuuliza: ni simu gani? Na hapo ndipo hadithi tamu inapogonga ukuta.

Simu inayotawala matatu yetu inatoka Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, wauzaji wakubwa zaidi wa simu barani Afrika. Fungua orodha rasmi ya LineageOS utakuta Pixel, Xiaomi, OnePlus, Motorola na Samsung za zamani. Za Transsion utazitafuta kwa tochi. Sababu ni ya kiufundi na ya kibiashara pamoja. Ili wasanidi waandike mfumo wa simu fulani, wanahitaji msimbo wa kiini chake, yaani sehemu inayozungumza na chipu, kamera na redio. Leseni ya Linux inamtaka muuzaji atoe msimbo huo. Kwa simu nyingi za bei ya chini, zenye chipu za MediaTek na Unisoc, msimbo huo hutoka umechelewa, hutoka nusu, au hautoki. Tangu Android 8 ya 2017 kuna njia ya mkato: faili moja ya jumla inayoweza kuwaka kwenye simu nyingi tofauti. Inafanya kazi, mara nyingine. Mara nyingine kamera inagoma, au simu inapiga lakini spika haitoi sauti, au inakufa kabisa. Najua, manake niliwahi kuua simu ya shemeji kwa njia hiyohiyo, na Krismasi hiyo haikuwa tamu.

Na hawa wenye simu za bei ya chini ndio wanaohitaji mbadala zaidi ya wote. Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream ilifichua kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini zikiwemo, zilikuja na programu hasidi ya Triada ndani yake. Ilikuwa ikiandikisha watu kwenye huduma za kulipia kisirisiri, na data ya mtu inayeyuka bila yeye kugusa kitu. Transsion ilimlaumu mmoja wa wasambazaji katika msururu wake wa utengenezaji. Sawa. Lakini mwenye simu angefanya nini? Mdudu alikuwa kwenye msingi wa nyumba. Ukifuta kila kitu na kuanza upya, yeye bado yumo.

Kuna kundi lingine ambalo hata kuota mbadala haliwezi: wenye simu za mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na M-KOPA nayo ikatoka kwenye sola ikaingia kwenye simu. Mpango huu umewapa intaneti watu ambao wangebaki na mulika mwizi, na sitaki kuudharau. Lakini elewa unavyofanya kazi. Dhamana ya mkopo ni simu yenyewe, na kinachoilinda ni kufuli iliyo ndani ya mfumo endeshi. Usipolipa, simu inajifunga kutoka mbali. Kufungua mfumo kwenye simu ya namna hiyo ni kuvunja mkataba, na fundi mwenye akili hataigusa. Kwa hiyo kijana wa Kawangware anayelipa kidogo kidogo na yule wa ghorofa ya Rose Avenue mwenye Pixel wote wana Android, ila mmoja tu ndiye anayeweza kuchagua.

Basi mbadala ni wa matajiri? Ningesema ndiyo, isipokuwa kitu kimoja ambacho Nairobi inaizidi Berlin.

Ulaya, mtu akiacha Google hukwama dukani. Malipo ya kugusisha simu kwenye mashine mara nyingi hutegemea Google Wallet, na Google Wallet haikubali kulipa kwenye GrapheneOS. Sisi je? M-PESA ilizinduliwa Machi 2007, kabla simu yoyote ya Android haijauzwa popote duniani. Ilijengwa ndani ya laini yenyewe, kwenye ile menyu ya SIM, na baadaye ikapata *334#. Menyu hiyo haijui Google ni nani. Imo kwenye AOSP, imo kwenye LineageOS, imo kwenye kabambe ya konda. Unatuma, unatoa, unalipa till na paybill, Fuliza inakungoja pale pale. Benki kubwa zina namba zao za USSD. eCitizen inafunguka kwenye kivinjari. Ile hofu kuu inayowarudisha Wazungu kwa Google, kwetu ni nusu hofu.

Nusu, manake mambo yanahama. Super App ya M-PESA ilikuja Juni 2021, na apu za benki zinazidi kupendwa kuliko USSD. Nyingi za benki huuliza mfumo wa Google kama simu ni "safi" kabla ya kufunguka, na simu iliyobadilishwa mfumo hujibiwa hapana, hata kama ina masasisho mapya kuliko ya jirani yako. Kila huduma inayoacha USSD na kubaki na apu pekee inaufunga mlango mmoja. Ukisikia benki au shirika la umma linajigamba kuwa sasa huduma yake ni "kwenye apu tu", uliza wenye kabambe wataenda wapi. Ukiwatetea wao, unaitetea LineageOS pia, hata kama hawajawahi kuisikia.

Kuhusu WhatsApp, kuna kisa cha KaiOS. Mozilla iliunda Firefox OS, mfumo huria wa simu za bei ya chini, ikauacha katikati ya muongo uliopita. Kutoka kwenye mabaki yake ikazaliwa KaiOS, ya simu za vibonyezo zenye intaneti, iliyouzwa sana Afrika na India. Ilikuwa na WhatsApp, ikawa na maisha. Mwaka 2024 WhatsApp ikafunga mlango kwa watumiaji wapya wa KaiOS. Simu hazikuharibika, betri hazikufa, lakini kwa mtu ambaye chama chake, kanisa lake na familia yake vyote viko WhatsApp, hiyo simu imerudi kuwa tochi. LineageOS na wenzake wako salama kwa sasa kwa sababu ni Android na WhatsApp inaingia kama kawaida, hata ukiipakua kwenye tovuti yake bila Play Store.

Wengine watakuambia ubadilishe mfumo ili polisi wasikupeleleze. Hapa nenda polepole. Mnamo 2025, watengenezaji filamu waliokamatwa mwezi Mei kuhusiana na makala ya BBC ya Blood Parliament walirudishiwa simu zao, na uchunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ukaonyesha kwamba FlexiSPY, programu ya upelelezi inayouzwa kwa pesa, iliwekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. Sasa fikiria: ukiweka LineageOS, kwa kawaida unaiacha butiloda wazi, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza unapowasha simu haikagui tena kinachowashwa. Mtu mwenye simu yako mkononi na muda wa kutosha atapata kazi rahisi zaidi. GrapheneOS hukuruhusu kufunga butiloda tena baada ya kuiweka, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao. LineageOS inakuondolea mfuatiliaji wa mbali na kuikoa simu kongwe. Kwa simu inayonyakuliwa mkononi, jibu ni GrapheneOS.

Ningekuwa wewe, ningeanza wapi? Singegusa simu ninayoitegemea. Ningeingiza F-Droid leo kwenye Tecno hiyohiyo, bila kubadilisha chochote. Kuna OsmAnd, ramani inayofanya kazi bila data, NewPipe ya kutazama YouTube bila matangazo, na KeePassDX ya kutunza nywila. Nikizizoea hizo nitajua kama kweli naweza kuishi bila Google au nilikuwa napiga domo. Kisha ningetafuta simu kongwe iliyo kwenye droo nyumbani, Samsung au Redmi iliyopasuka, niangalie kama iko kwenye orodha ya LineageOS kwa modeli yake kamili. Kamili, si jina la familia. Herufi moja ikikosewa ndio unamkosea shemeji.

Na ukiamua kununua Pixel kwa ajili ya GrapheneOS, jua kwamba Google haiuzi Pixel rasmi Kenya. Zinazouzwa hapa ni za kuletwa, nyingi ni zile za ex-UK au za Marekani, na kati ya za Marekani kuna zilizouzwa na kampuni ya Verizon ambazo butiloda yake haifunguki milele. Muuzaji huenda hajui, au anajua na ananyamaza. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, kabla M-PESA haijatoka, iunganishe simu kwenye intaneti, ingia kwenye mipangilio, gusa namba ya toleo mara saba mpaka menyu ya wasanidi ifunguke, kisha tafuta swichi iliyoandikwa "OEM unlocking". Ikikubali kuwashwa, lipa. Ikiwa ya kijivu na haiguswi, mrudishie simu yake, hata akikupunguzia elfu mbili.